MIPIRA KWANZA, RANGI BAADAYE

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Waswahili walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeiandika katika insha tangu nikiwa darasa la sita, ili mwalimu anipe alama, wala sikuwahi kuitia maanani. Niliielewa Desemba 2023 nikiwa nimeketi kando ya barabara inayoteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, mama yangu akiwa ameshika bega na kuuma midomo, na mbele yetu gari jeupe pepepe, rangi mpya, bampa zinametameta, moshi unafuka kwenye gurudumu la mbele upande wa kulia.

Ndugu msomaji, nina neno moja tu katika ukurasa huu, na atakayetaka kunipinga anipinge kwenye mkutano wa chama. Mtu anayefufua gari la zamani na abadilishe mipira yake yote kwanza, hata ile inayoonekana nzima, ndipo afikirie rangi. Ninaposema mipira, sisemi ya magurudumu. Hiyo kila mtu anaikumbuka kwa sababu inaonekana. Nasema hosi za maji, za petroli na za breki, sili za kuzuia oili, vile vikombe vidogo vilivyomo ndani ya silinda za breki, mpira wa kioo cha mbele na ile mipira ya milangoni.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu yenye mlango wa nyuma. Kama huijui, muulize mzazi wako habari za Pijo. Ilitokea Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatawazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ilipata kuunganishwa humu humu nchini Kenya, na ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kaka yake, 404, alikuwa amekwisha kuyanyakua mashindano hayo mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa 1963 na ule wa 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yakiwa yamebwagwa na matope, mawe na mito. Basi si ajabu kwamba wazee wetu waliiamini Pijo kuliko walivyowaamini baadhi ya jamaa zao.

Babu alinunua yake mwaka 1988 ikiwa imekwisha kutumika, akawa anabeba abiria kati ya Nyahururu na Nakuru. Ilikuwa na safu tatu za viti, na kuna siku alizojaza watu kupita kiasi, Mungu amsamehe. Kwa gari hilo alisomesha watoto watano, baba akiwa wa tatu. Alipofariki mwaka 2009, gari likaegeshwa chini ya mkaratusi nyuma ya boma, na hapo likakaa miaka kumi na minne. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Hakuna aliyethubutu kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, maana kufanya hivyo kungekuwa kama kumuuza babu mwenyewe.

Mwaka huo wa 2023 baba akaamua kulifufua ili tusherehekee Krismasi nalo nyumbani. Likavutwa kwa lori hadi gareji moja jijini Nairobi. Fedha zikagawanywa hivi: mabati na rangi zikameza zaidi ya nusu, viti vikashonwa upya, bampa zikapelekwa kung'arishwa, redio ikanunuliwa. Injini ilifunguliwa, ikasafishwa, ikawaka. Mipira haikupata hata senti.

Nilikuwapo siku baba alipouliza. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Fundi, na hizi hosi za breki je? Si ni zile zile za mzee?"

"Mzee, hizi ni orijino za Mfaransa. Za siku hizi ni takataka tu. Hii haivuji, haina ufa. Kitu haijaharibika unaitoa ya nini?"

Baba akacheka, akaridhika. Mimi nami niliridhika. Tena nilimwona yule fundi kuwa mtu mwaminifu, kwani angeweza kutuuzia vitu tusivyovihitaji na hakufanya hivyo. Mpaka leo simwiti mwizi. Alikosea kwa nia njema, na ndiyo sababu ninaandika, kwa maana kosa la namna hiyo limeenea na halina polisi wa kulikamata.

Tulitoka Nairobi asubuhi. Kabla hatujafika Rironi gari lilikuwa linavutia upande wa kulia, na injini inanung'unika kana kwamba tunakokota kitu. Kisha kukawa na harufu ya kuungua. Baba akasema, "Hiyo ni rangi mpya, inakauka na joto." Tukaamini. Tukaanza kuteremka. Kwenye kona ya tatu au ya nne baba akakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni, laini kama unakanyaga mkate. Akaipampu, hamna. Akavuta breki ya mkono, akashindilia gia ya chini, injini ikalia, na alipoona lori linapanda na jingine liko mbele yetu, akalielekeza gari kwenye tuta la udongo. Lilisimama kwa kishindo. Mama alivunjika mfupa wa mtulinga. Sisi wengine tulipata michubuko. Kwa jinsi barabara ile ilivyo, na bonde lile lilivyo, naacha msomaji amalizie mwenyewe hesabu ya yale ambayo yangeweza kutupata.

Fundi aliyekuja kututoa kutoka Mai Mahiu alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Hakuuliza mengi. Aligusa gurudumu, akautoa mkono haraka kwa joto, akafungua nati mbili, akaichomoa hosi ya breki ya upande ule. Kwa nje ilikuwa nyeusi, safi, haina ufa hata mmoja. Akaikata kwa msumeno wa chuma, akatupa tutazame ndani. Tundu lililopaswa kupitisha mafuta ya breki lilikuwa limevimba na kujifunga hata sindano ya kushonea ingepita kwa taabu.

"Hii inaingiza, haitoi," akasema.

Nilirudi shuleni na swali hilo, nikamsumbua mwalimu wetu wa fizikia, na haya ndiyo maelezo. Unapokanyaga breki, mguu wako ukisaidiwa na silinda kuu unasukuma mafuta kwa nguvu nyingi sana. Nguvu hiyo inapenya hata kwenye tundu la sindano, hivyo breki inashika. Lakini unapoachia, hakuna mguu mwingine kule kwenye gurudumu wa kuyarudisha mafuta. Katika breki za sahani kama zile za mbele za 504, kinachoirudisha pistoni nyuma ni sili yake yenyewe, mpira mmoja wa duara unaojipinda kidogo breki inaposhika na kujinyoosha inapoachiwa. Nguvu ya sili hiyo ni ndogo mno kusukuma mafuta kupitia tundu lililoziba. Kwa hiyo breki haiachii. Gurudumu linaendelea kusuguana na kupata joto kilomita baada ya kilomita, na dereva hana habari.

Joto hilo ndilo lililotuponza. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani polepole, na mengine hupenya kupitia kuta za hosi zenyewe. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishafyonza maji kiasi, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Yetu yalikuwa yamekaa humo tangu enzi za babu. Yakachemka. Na mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo ile pedali laini kama mkate.

Sasa turudi kwa hoja ya fundi wa kwanza, maana ndiyo hoja ya mafundi karibu wote niliozungumza nao tangu siku ile: kama haivuji, usiiguse. Kwa chuma, hoja hii ina mashiko. Chuma kikiwa kizima utakiona kizima, na kikichakaa unaweza kukipima. Mpira hauko hivyo. Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa unakuwa imara badala ya kuyeyuka juani na kukakamaa baridini, aliupa ulimwengu kitu cha ajabu, lakini hakuupa uzima wa milele. Joto, hewa ya oksijeni, ozoni, jua na mafuta huendelea kuutafuna mwaka hadi mwaka. Mwingine hukauka na kupasuka, mwingine huvimba na kuwa kama ugali. Waama kuna hosi za maji zinazoharibika kutokea ndani, karibu na klipu, huku nje ziking'aa. Ukizibonyeza injini ikiwa baridi ndipo unapohisi ulaini usiostahili mwishoni, au mlio wa kukatika katika ndani yake.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani kwamba gari lililolala halichakai. "Limetembea kidogo tu," husema muuzaji. Kwa mipira, kulala ni kubaya pengine kuliko kutembea. Sili ya oili hulowana kila injini inapozunguka. Gari likikaa miaka, mdomo wa sili hukauka, unakakamaa ukiwa umelalia upande mmoja, na siku injini itakapowashwa unavujisha. Gari letu lilikuwa na miaka kumi na minne ya usingizi. Hiyo ilipaswa kututia hofu badala ya kutufurahisha.

Kuna wanaosema gharama. Naomba tuitazame gharama vizuri. Sili ya nyuma ya injini, ile iliyo kati ya injini na klachi, ni kitu cha kutoshea kiganjani, na bei yake si kitu ukilinganisha na rangi ya gari zima. Lakini kuifikia ni lazima ushushe giaboksi, na hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi. Injini yetu ilikuwa imefunguliwa tayari! Sili ilikuwa pale, wazi, inatutazama. Haikubadilishwa kwa sababu "bado iko sawa". Baada ya ajali tuligundua kwamba oili ilikuwa imeanza kulowanisha klachi, kwa hiyo kazi ile ile ililipiwa mara mbili, na klachi mpya juu yake. Fauka ya hayo, injini ya 504 ina mikono ya silinda inayozungukwa na maji, na kila mkono chini yake una sili ya kuzuia maji yasiingie kwenye oili. Aliyekwisha kuifungua injini hiyo na kuirudisha na sili kuukuu anacheza bahati nasibu kwa injini nzima.

Kuna jambo dogo la kifundi ambalo yule mzee wa Mai Mahiu alinionyesha, nami nimeona nisilimeze peke yangu. Sili ikikaa mahali pamoja miaka mingi huchimba mfereji mwembamba kwenye chuma kinachozunguka. Ukipitisha ukucha unausikia. Ukiweka sili mpya mdomo wake ukaingia kwenye mfereji ule ule, itavuja, nawe utailaumu sili. Yeye huiingiza mbele au nyuma kidogo, pale nafasi inaporuhusu, ili mdomo ukae kwenye chuma laini.

Wapo wengine, hasa wale wanaopeleka magari yao kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance kule uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, maonyesho yaliyoanza mwaka 1970, ambao husema kwamba gari la kale lisiguswe uasili wake. Hawa nawaheshimu, maana bila wao magari mengi yangekwisha kuwa sufuria. Lakini uasili wa nini? Hakuna anayetaka kubaki na oili ya mwaka 1975 kwenye injini kwa sababu ni ya asili. Mpira nao ni wa kuchakaa na kubadilishwa; hata aliyelitengeneza gari alijua hivyo. Anayezipenda hosi za Mfaransa azifunge kwenye karatasi, aziweke sandukuni, awaonyeshe wajukuu.

Hoja moja ya fundi wetu, hata hivyo, siwezi kuitupa. Ni kweli kwamba vipuri vingi vya siku hizi ni takataka. Ukizunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee huiita Grogan, utapata hosi ya breki inayofaa na jirani yake isiyofaa, zimelala kwenye meza moja, sura pacha. Baba na mimi tulishinda huko Jumamosi mbili. Tulichojifunza ni kwamba hosi ya breki ya kuaminika aghalabu huwa na maandishi ya kiwanda ubavuni, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Isiyo na neno lolote tuliiacha. Tena jihadhari na kile wanachokiita "mpya wa zamani", yaani mpira uliokaa kwenye boksi lake la kiwandani tangu 1985 bila kufunguliwa. Boksi ni jipya, mpira una umri wako na wa kaka yako ukijumlishwa. Mtu mmoja alitubembeleza tununue seti nzima ya namna hiyo kwa bei kubwa, eti kwa sababu haipatikani tena. Nadhani alishangaa baba alipomuuliza, "Na mayai ya mwaka huo unayo?"

Kisha kuna dhambi zinazofanywa baada ya kununua kitu kizuri. Kubwa kuliko zote ni kuosha sehemu za breki kwa petroli au dizeli. Nimeiona kwa macho yangu katika gareji zaidi ya moja: fundi anafungua silinda, anaitumbukiza kwenye mkebe wa petroli, anaipangusa kwa tambara, anaweka vikombe vipya. Mpira wa breki ulitengenezwa uishi pamoja na mafuta ya breki, na mpira wa namna hiyo huvimba unapokutana na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida. Mpira wa petroli nao una asili nyingine kabisa. Uweke ndani ya mafuta ya breki uone utakavyoharibika. Ni kama watu wawili wa nyumba moja ambao kila mmoja ana chakula chake kinachomdhuru mwenziwe. Silinda ya breki huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta safi ya breki. Na wale wanaofunga hosi iliyotoboka kwa ukanda wa blada, au kuziba tangi la petroli kwa kipande cha sabuni, wafanye hivyo kama wako porini na simba anakuja. Wakifika mjini waondoe.

Hosi ya petroli ndiyo inayonitisha kuliko zote, ingawa kwetu haikutuletea balaa. Katika Volkswagen za zamani, zile Kobe zilizoshinda Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, tangi liko mbele na injini iko nyuma. Petroli husafiri gari zima, na mwishoni hupita katika vipande vifupi vya mpira vilivyo juu ya injini yenye joto. Kipande kisichozidi urefu wa kalamu kikipasuka, gari linaweza kuwa majivu. Wanaozijua Kobe hukitazama kipande hicho kabla ya kutazama kitu kingine. Siku hizi pia nchi nyingi huchanganya petroli na ethanoli, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huo.

Mfuniko wa rejeta nao una sili yake, na wengi hawajui kazi yake. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa baharini, lakini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 94, na Nyahururu kwetu yanachemka mapema zaidi. Mfuniko hufungia shinikizo ndani ili maji yasichemke upesi. Sili yake ikifa, shinikizo linatoroka, na gari ambalo lilikuwa na adabu pwani linatokota milimani. Kisha utasikia, "Hii injini imekwisha." Mara nyingi injini haina neno.

Nimesikia pia watu wakicheka nikitaja mipira ya milango, eti hiyo ni ya kuzuia vumbi tu. Basi wajue kwamba gari refu kama letu linapokimbia hujivutia hewa ya nyuma, na bomba la egzosi liko hapo hapo. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekufa, moshi huingia ndani. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu wala rangi, na abiria wa safu ya tatu, ambao kwa kawaida ni watoto, ndio wa kwanza kulala usingizi usio wa kawaida. Mimi nilikulia katika safu hiyo ya tatu. Kuhusu mpira wa kioo cha mbele, nitasema kidogo tu: ukipaka rangi bila kukitoa kioo, umefunika kutu iliyo chini ya mpira, na rangi yako itaanza kuvimba kutokea hapo. Kwa hiyo hata anayejali rangi peke yake hana budi kuanza na mpira.

Kama bado unaona ninakuza jambo dogo, kumbuka chombo cha anga cha Wamarekani, Challenger. Tarehe 28 Januari 1986 kililipuka baada ya sekunde 73 tu, wakafa watu saba, mmoja wao akiwa mwalimu wa shule. Chanzo kilikuwa sili za mpira katika roketi ya ubavuni, ambazo zilikakamaa kwa baridi ya asubuhi ile zikashindwa kuziba. Mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira huo, akakibana, akakitia kwenye bilauri ya maji ya barafu mbele ya tume ya uchunguzi, na kilipotoka kikachelewa kurudi umbo lake. Wataalamu wa kiwanda walikuwa wametahadharisha usiku uliotangulia. Jibu walilopata halikuwa mbali sana na "hii bado iko sawa".

Baba hakulitupa gari. Mwaka uliofuata tulilifungua upya, safari hii kwa mpangilio wa yule mzee wa Mai Mahiu, ambaye alikubali kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkoba wake. Tulianza na breki: hosi zote tatu, vikombe vya silinda zote, mafuta mapya. Tukafuata petroli, kisha maji, kisha sili za injini na giaboksi. Kila mpira tuliotoa niliufunga kikaratasi chenye jina lake na mahali ulipokuwa, ukaingia kwenye katoni. Katoni imejaa. Ile hosi iliyokatwa kwa msumeno iko juu yake, na wanachama wanaotaka kuiona nitaileta muhula ujao.

Rangi haijarudiwa. Gari limesimama uani likiwa na bati lililokunjika ubavuni pale lilipogonga tuta, limepakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, na majirani wanamuuliza baba kama fedha zimemwishia. Mama naye alikuwa ameapa kwamba hatalipanda tena. Likizo iliyopita baba akaweka jeki, akafungua gurudumu la mbele la kulia, akamwita. Mama akachutama akiwa na leso yake, akaishika hosi mpya kwa vidole viwili, akasoma tarehe iliyoandikwa ubavuni, akauliza, "Na ile ya upande wa pili?" Baba akahamisha jeki.